Kabla ya kipimo, nipe tarehe mbili

Mteja wa kipimo cha mimba namjua kabla hajafungua mdomo. Anaingia, anaulizia Panadol. Anasubiri yule mzee wa dawa ya presha atoke. Kisha anasogea kaunta na sauti inashuka: "Dada, vile vya mkojo unavyo?"

Ninavyo. Duka langu la dawa muhimu liko Ngamiani, hapa Tanga, huu mwaka wa kumi na tatu, na kabla yake nilikuwa muuguzi msaidizi kwenye zahanati. Kimoja shilingi 1,000. Ningeweza kupokea buku langu nikanyamaza, lakini nimezoea kumuuliza mtu mambo mawili kwanza: hedhi yako ya mwisho ilianza tarehe ngapi, na mara ya mwisho kukutana na mwanamume ilikuwa lini? Wengine wananinunia, wanaona nawapekua. Bila tarehe hizo mbili mtu atapima siku isiyofaa, apate jibu lisilo jibu, kisha arudi kesho kutwa na shilingi 1,000 nyingine.

Hesabu kwanza

Mzunguko unaanza kuhesabiwa siku ya kwanza damu inapotoka kama hedhi yenyewe, si yale matone ya kahawia ya jana yake, na unaisha siku moja kabla ya hedhi inayofuata. Kwa mwanamke mzima, siku 21 hadi 35 ni kawaida. Kwa binti aliyevunja ungo miaka ya karibuni zinaweza kufika 45, na asitishike. Zile siku 28 zinazotajwa kila mahali ni wastani tu.

Lugha yetu nayo imetuponza kidogo. Tunasema mwanamke "yuko mwezini", basi wengi wanaamini damu lazima ije mara moja katika kila mwezi wa kalenda, tena tarehe ile ile. Kuna binti wa chuo alikuja hapa tarehe 31 Julai, macho mekundu. "Mwezi wa saba wote sijaona." Bahati alikuwa anaandika kwenye simu. Mara ya mwisho ilianza 29 Juni, na zile za nyuma zilipishana siku 32, 33, 34. Tukahesabu pamoja kwa vidole juu ya kaunta: 29 Juni ukijumlisha siku 33 unaangukia tarehe 1 Agosti. Hakuwa amechelewa hata siku moja. Tarehe 2 Agosti alirudi kununua pedi, anacheka mwenyewe. Yuko na wa upande wa pili, wa siku 28 kamili, aliyeona tarehe 2 Juni akaona tena 30 Juni, akaja kuniomba dawa ya "kutokwa damu mara mbili kwa mwezi". Huyo nilimrudisha nyumbani na hela yake.

Kwa hiyo chukua kalenda, hata ile ya ukutani ya duka la vifaa vya ujenzi, uweke alama siku ambazo hedhi zako za mwisho zilianza. Sita zikipatikana ni vizuri, nne zinatosha kuanzia. Tuseme ni 3 Januari, 30 Januari, 2 Machi na 29 Machi, mwaka ambao Februari ina siku 28. Zimepishana siku 27, 31, 27. Basi inayofuata itegemee kati ya tarehe 25 na 29 Aprili. Tarehe 27 mtu huyu bado yuko ndani ya zake. Ikipita 29, hapo neno "nimechelewa" lina maana.

Anayechelewa ni yai

Sehemu hii ningependa uisome polepole, maana ndiyo inayowaangusha hata wanaojua kuhesabu.

Mzunguko una vipande viwili. Cha kwanza kinaanza na hedhi hadi yai linapopevuka na kutoka kwenye ovari. Cha pili kinaanza yai likishatoka hadi hedhi nyingine. Kipande cha pili hakibadiliki sana: kwa wanawake wengi ni siku kama 14, pungufu au zaidi kidogo. Kinachorefuka na kufupika ni kile cha kwanza. Umeugua malaria kali, umefiwa, umekesha wiki mbili kwa ajili ya mtihani, umepungua kilo nyingi kwa muda mfupi. Mwili unaweza kuliahirisha yai. Yai likisogea siku kumi mbele, damu nayo inasogea siku kumi. Kwa hiyo unapoona hedhi imechelewa, jambo lenyewe lilitokea wiki mbili au tatu nyuma.

Sasa tazama linavyoweza kumchezea mtu. Mwanamke wa siku 28 anajua yai lake hutoka karibu na siku ya 14. Mwezi huo aliuguza mama yake hospitali ya Bombo, halali usingizi, hali chakula, na yai likatoka siku ya 24. Siku ya 23 mumewe yupo, naye anajisemea siku za hatari zimepita. Mimba inatunga. Siku ya 28 haoni damu, siku ya 30 anakuja kwangu, anapima: mstari mmoja. Anashusha pumzi, anaendelea na maisha. Lakini siku ya 30 zilikuwa zimepita siku sita tu tangu yai litoke! Yai lililorutubishwa huchukua takriban siku 6 hadi 12 kufika na kujishikiza kwenye ukuta wa kizazi, na ni baada ya kujishikiza ndipo homoni ya mimba inaanza kumwagika kwenye damu, kisha kwenye mkojo. Kipimo kinatafuta homoni hiyo. Siku ya 30 haikuwepo ya kuonekana. Siku ya 42 ingemwonyesha mistari miwili bila kusitasita.

Ndiyo maana naulizia tarehe ya pili. Kama hedhi zako zinakuja kwa mpangilio, pima kuanzia siku ya kwanza ya kuchelewa. Kama hazina mpangilio, au hukumbuki, achana na hedhi na uhesabu kutoka siku ya tendo: zikitimia siku 21 tangu mara ya mwisho ulipokutana na mwanamume bila kinga, jibu la kipimo unaweza kulitegemea. Na kama katika siku zote hizo hukukutana na mwanamume kabisa, nikuokolee shilingi 1,000.

Kwa faida ya wanaotumia njia ya kalenda: yai likishatoka huishi saa 12 hadi 24 tu, lakini mbegu za mwanamume zinaweza kungoja ndani hadi siku tano. Yule binti wa siku 33, yai lake hutoka karibu na siku ya 19. Akifuata vile vijikaratasi vinavyosema "siku ya 14" atajilinda wakati hakuna kitu, kisha alegeze wakati ndio penyewe.

Kupima kwenyewe

Tazama tarehe ya kuisha muda kwenye pakiti kabla hujalipa, hata kwangu. Pakiti iwe haijatoboka. Usiifungue jioni ukaiacha mezani hadi asubuhi, unyevu unaiharibu.

Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, hasa kama umechelewa siku chache tu, kwa sababu usiku kucha homoni imejikusanya. Ukinywa lita ya maji ili mkojo upatikane haraka, unauzimua. Chombo kiwe safi na kikavu. Nimewahi kuletewa mkojo kwenye chupa ya soda ambayo soda yenyewe haikuwa imeisha. Hata mstari wa C, ule wa kuonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi, haukutokea kabisa, tukatupa. Chovya upande wenye mishale, usivuke alama ya kikomo, kwa sekunde zilizoandikwa kwenye pakiti, kisha kilaze mahali pakavu. Soma baada ya dakika tatu hadi tano. Usikisimamie kwa sekunde kumi ukakitupa, na usikirudie baada ya nusu saa. Kuna mama alikifukua kwenye ndoo ya taka mchana, akaona kivuli cha mstari wa pili, nyumba nzima ikavurugika. Mkojo ukikauka huacha kivuli, haukuwa mstari.

Mstari ulio kwenye herufi C unakwambia tu kwamba kipimo kinafanya kazi. Usipotokea huo, kipimo kimeharibika, hakuna jibu. Ukitokea na wa kwenye T, hata kama umefifia kama penseli, ndani ya muda wake, hesabu kwamba ni mimba, rudia baada ya siku mbili tatu. Mimba changa ikiendelea vizuri, homoni hiyo huongezeka maradufu kila siku mbili hadi tatu, kwa hiyo mstari wa Jumatatu na wa Alhamisi hautafanana. Ukiona C peke yake na hedhi bado haijaja, rudia baada ya wiki moja.

Chumvi, sukari, dawa ya meno, Jik. Nimezisikia zote. Mkojo wa mtu yeyote, mwanamume akiwemo, unaweza kutoa povu kwenye dawa ya meno. Mjaribishe mumeo.

Na dalili je? Matiti kuuma, usingizi, kununa bila sababu, tumbo kujaa: hizo huletwa na homoni ile ile inayopanda kila mwezi kabla ya hedhi, mimba iwepo isiwepo. Kichefuchefu nacho kwa wengi hakianzi mpaka wiki ya sita hivi. Kuna na matone mepesi ya damu mimba inapojishikiza, ambayo wengine huyaita hedhi na kuyahesabu. Hedhi iliyokuwa nyepesi mno na fupi kuliko kawaida yako, ipimie.

Siwezi kupita hapa bila kugusa "mimba ya mgongo". Anakuja mtu, kapima mara nne, mstari mmoja mara zote, hedhi anaona, lakini bibi kamwambia mimba imejificha mgongoni. Kizazi kiko mbele ya uti wa mgongo, nyuma ya kibofu. Vipo vizazi vilivyoegemea nyuma kidogo, navyo vinazaa kama kawaida, na mimba iliyomo inamwaga homoni kwenye damu kama nyingine yoyote. Mgongoni hakuna mahali pa mimba kukaa. Mwanamke anayehangaika na hilo mara nyingi ana jambo halisi linalotafuta jina: hedhi zilizovurugika, uvimbe, au hamu ya mtoto iliyochukua miaka. Anahitaji altrasaundi na daktari wa kina mama, na mtu wa kumsikiliza bila kumcheka.

Mimba iliyotunga nje ya kizazi, kwa kawaida kwenye mrija, hiyo ipo kweli na inaua. Hedhi imechelewa, au kipimo kimesema ndiyo, kisha unapata maumivu makali ya tumbo chini, mara nyingi upande mmoja, au damu isiyoeleweka, kizunguzungu, kuzimia, maumivu kwenye ncha ya bega: usije kwangu kutafuta dawa ya tumbo. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa saa nane usiku, hata kama mstari ulikuwa hafifu.

Ikiwa ni mistari miwili

Kwanza, acha kumeza dawa kwa mazoea. Mwambie kila anayekuuzia kwamba una mimba, kwa sababu doksisaiklini, ibuprofeni na hata dawa za minyoo zina wakati ambapo hazifai. Omba foliki asidi, halafu nenda kliniki mapema, kabla wiki 12 hazijatimia. Watapima damu, presha, mkojo, kaswende, malaria na virusi vya UKIMWI, na utaambiwa umlete mwenzako.

Pale watakuuliza tena ile tarehe. Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku saba, rudi nyuma miezi mitatu: iliyoanza 10 Mei, matarajio ni 17 Februari. Ila umri wa mimba unahesabiwa kutoka siku hiyo ya hedhi, na hapo ndipo ndoa zinapoyumba. Nilimpata mteja, mumewe dereva wa lori la Lubumbashi. Mume alirudi nyumbani wiki sita zilizopita. Altrasaundi ikaandika wiki 8. Mume akakaa kwenye kochi na ile karatasi, anahesabu wiki mbili asizokuwepo. Wakaja wote wawili dukani, mwanamke amevimba macho, mwanamume hasemi. Nikamwonyesha kwenye kalenda: wiki mbili za mwanzo mimba haipo bado, zinahesabiwa tu kwa kuwa hedhi ndiyo tarehe ambayo mwanamke anaweza kuitaja kwa uhakika. Wiki 8 kwenye karatasi ni kiumbe cha wiki 6 hivi. Akauliza mara tatu, "Kwa hiyo wote wanahesabiwa hivyo?" Wote, baba. Akanunua foliki asidi ya miezi miwili kwa mkupuo.

Wapo wasioitaka. Wananong'ona: dawa ya "kurudisha siku". Siuzi, na nawaambia kwa nini: nimewaona waliokunywa michanganyiko ya mtaani wakatokwa damu hadi wakabebwa. Kama umeshakunywa kitu na damu inatoka, au una homa na harufu mbaya, nenda kituo cha afya useme kweli. Huduma baada ya mimba kuharibika inatolewa nchini, na wanaotibu wanahitaji kujua ulichomeza. Na kama ni mwanafunzi, mzazi akumbuke kwamba tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliojifungua kurudi kwenye shule za kawaida. Nimewaambia hilo mama wawili hapa dukani, wote walikuwa hawajui.

Ikiwa ni mmoja na damu haiji

Hapa sitakaa sana, kwa kuwa sababu ni nyingi na kazi ni ya daktari, ila zile ninazokutana nazo kaunta ni hizi.

Sindano ya kuzuia mimba, ile ya miezi mitatu. Wengi wanaoitumia kwa mwaka mmoja huacha kuona hedhi kabisa, wala damu haijiwekei mahali ikaoza kama wanavyotishana. Ukuta wa kizazi unakuwa mwembamba, hakuna cha kumwaga. Ukiacha, uwezo wa kushika mimba kwa wastani huchukua kama miezi kumi kurudi tangu sindano ya mwisho, na kwa wengine zaidi ya hapo, hivyo anayetaka mtoto mwakani aanze kufikiria sasa. Vijiti vya kuzuia mimba navyo huvuruga: mara matone, mara kimya. Ila ukiwa na kijiti au vidonge vya majira na umeanza dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, au baadhi ya dawa za kifafa, kinga yako imepungua. Hapo kuchelewa kupimiwe.

P2, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, inaweza kuileta hedhi mapema au kuichelewesha kwa siku kadhaa. Ikizidi wiki moja juu ya ulivyotarajia, pima. Na usiinywe kila wikendi kisha ukashangaa kalenda imekuwa mchanganyiko wa mchele na choroko.

Kunyonyesha. Mtoto hajafika miezi sita, ananyonya maziwa ya mama tu usiku na mchana, na hedhi haijarudi: yote matatu yakiwepo, mimba ni nadra sana. Likipungua moja, ulinzi umelegea. Ukumbuke yai hutangulia damu, kwa hiyo unaweza kushika mimba kabla hujaona hedhi hata moja tangu ulipojifungua. Huku kwetu jambo hili huambatana na aibu ya "kubemenda" mtoto, mama anaficha hadi tumbo liseme. Wewe pima tu, mtoto aliyepo anaendelea kutunzwa.

Nje ya hayo kuna ovari zenye vifuko vidogo vidogo, ambapo hedhi hupotea miezi, chunusi na ndevu kidogo zikajitokeza. Kuna tezi ya shingo. Kuna homoni ya maziwa kupanda, nyingine kwa sababu ya dawa za magonjwa ya akili. Zikipita siku 90 bila hedhi na kipimo kinasema hapana, nenda hospitali na kalenda yako mkononi. Hivyo hivyo kwa binti wa miaka 15 ambaye hajavunja ungo.

Na umri. Ukomo wa hedhi hautangazwi mpaka miezi 12 mfululizo ipite bila damu. Kabla ya hapo yai linaweza kutoka siku lipendayo. Hili nalijua vizuri kuliko yote, kwa sababu mwaka 2017, nikiwa na miaka 43, hedhi zangu ziliruka mwezi, zikaja, zikaruka tena. Joto la usiku nilikuwa nalo. Nikajiambia, basi nimeshamaliza, nikaacha kuweka alama kwenye kalenda niliyokuwa nawalazimisha wenzangu waiweke. Ni wifi yangu aliyekuja kunisalimia akanitazama nikiinuka kwenye kiti. "Wifi, hilo tumbo si la ugali." Nikafunga duka saa nne asubuhi, nikachukua kipimo kwenye kabati langu mwenyewe. Mistari yote miwili ilitokea kabla dakika haijaisha.

Kliniki nilimkuta muuguzi kijana ambaye nilimfahamu, alikuwa akinunua kwangu enzi za chuo. Akafungua kadi mpya, akainua kalamu. "Haya mama, hedhi ya mwisho ilianza tarehe ngapi?"

Ikabidi wanihesabie kwa altrasaundi. Wiki 18.